Bastola 191: ukaguzi wa Marekani na swali la silaha zilizochakaa

Jumapili ya tarehe 20 Julai 2025, askari kijana wa Jeshi la Anga la Marekani alikufa kwa risasi ya bastola ndani ya kambi ya F.E. Warren, katika jimbo la Wyoming. Hapakuwa na vita wala uvamizi. Siku iliyofuata, kamandi inayosimamia kambi hiyo ilisimamisha matumizi ya bastola zake zote za aina ya M18, na walinzi wakaendelea na lindo wakiwa na bunduki ndefu.

Kamandi hiyo inaitwa Global Strike Command. Ndiyo inayotunza makombora ya nyuklia na ndege za kivita zinazobeba mabomu ya nyuklia. Kwa hiyo habari ilienea haraka: walinzi wa silaha kali kuliko zote duniani hawaiamini bastola iliyo kiunoni mwao. Tena M18 ni ndugu wa bastola ya kiraia iitwayo P320, ya kampuni ya SIG Sauer, ambayo kwa miaka kadhaa imelalamikiwa kwamba hufyatuka bila mtu kuigusa.

Baada ya wiki chache habari ikageuka. Mnamo Agosti, mwanajeshi mmoja alikamatwa kwa tuhuma za kuua bila kukusudia na kutoa maelezo ya uongo. Baadaye wenzake wawili walikiri mahakamani kwamba waliwadanganya wapelelezi. Bastola haikujifyatua. Kulikuwa na mkono wa mtu, kisha hadithi ya kuuficha mkono huo.

Wengi waliishia hapo: silaha imesafishwa jina, mtu ndiye mwenye kosa. Lakini wakati kesi hiyo ikiendelea, mafundi wa kamandi walikuwa wamefungua na kukagua bastola zote za M18 walizokuwa nazo, moja baada ya nyingine. Zilikuwa 7,970. Kati ya hizo, 191 zilikutwa na kasoro zinazohitaji matengenezo, nyingi zikiwa za kuchakaa: swichi ya usalama, pini inayogonga risasi, na chuma kidogo kinachoizuia pini hiyo isiende mbele kabla ya wakati. Kamandi ilisema pia kwamba ilipitia kumbukumbu zake na haikuona tukio lolote la kufyatuka risasi lililosababishwa na ubovu wa bastola. Tarehe 25 Agosti bastola zikarudi kazini, isipokuwa zile mbovu, ambazo zilibaki nje mpaka zitengenezwe.

Hesabu hiyo ni kama bastola moja katika kila 42. Jeshi la Anga lilianza kuzipokea mwaka 2019, kwa hiyo si silaha za babu. Zina mafundi na zina vipuri. Hata hivyo 191 zilikuwa viunoni mwa walinzi zikiwa na vyuma vilivyolika, na kama si kifo ambacho hazikukisababisha, huenda zingebaki hivyo hivyo kwa muda usiojulikana. Tumeandika makala haya kwa ajili ya upande huo wa habari, ambao haukutangazwa sana.

Ndani ya bastola mna nini?

Msikilizaji aliyewahi kutega mtego wa panya tayari anaijua bastola kwa sehemu kubwa. Kuna springi iliyobanwa, na kuna kidude kidogo kinachoishikilia. Kidude kikiachia, springi inaruka. Katika bastola za siku hizi, springi husukuma pini, pini hugonga kitako cha risasi, na risasi hutoka. Kidole kinapovuta kifyatulio, kazi yake ni kukiondoa kile kidude.

Bastola hushindwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kugoma: unavuta na haitoki, au inatoa risasi moja kisha inakwama na ganda mdomoni. Ya pili ni kufyatuka wakati ambao hakuna aliyetaka ifyatuke. Watu huchanganya namna hizi mbili, lakini fundi wa silaha huzitafutia sababu mahali tofauti.

Bastola inayogoma, fundi haanzi kwa kuifungua tumbo. Anaanza na vitu rahisi. Risasi ni nzuri, au zimekaa miaka mingi kwenye unyevu? Magazini, yaani kile kikopo kinachobeba risasi, midomo yake imepinda? Springi yake bado ina nguvu? Magazini ndiyo chanzo cha migomo mingi, kwa sababu ndiyo huangushwa chini na kukanyagwa. Mafundi huziandika namba: kama bastola inagoma ikiwa na magazini namba 2 tu, na namba 1 na 3 hazina shida, basi bastola haina kosa. Baada ya hapo ndipo huangaliwa uchafu. Mafuta mengi ni mabaya kama mafuta kidogo, maana vumbi likichanganyika nayo huwa matope. Mwisho kabisa ndipo zinakuja springi kubwa na ile kucha inayovuta ganda kutoka ndani.

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha risasi, magazini na springi kwa siku moja hatajua ni kipi kilichoponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Namna ya pili, ya kufyatuka bila kutakiwa, haina majaribio ya namna hiyo. Huwezi kusubiri itokee tena ili uone. Hapo kinachobaki ni kufungua na kupima vyuma: ukingo wa kile kidude kinachoshikilia pini umelika kiasi gani, na kufuli ya ndani inayoizuia pini bado inashika? Kwa silaha iliyokwishapita mikononi mwa mtu mwingine kuna swali la ziada: je, kuna mtu aliyepiga tupa hapa? Wapo wamiliki wanaopenda kifyatulio chepesi, nao hupunguza chuma au hubadilisha springi wenyewe. Bastola ikiuzwa, anayenunua haambiwi.

Ilianguka, ikafyatuka

Turudi kwenye P320. Iliingia sokoni mwaka 2014. Januari 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likaichagua kuchukua nafasi ya bastola ya Beretta iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1980. Mkataba ulikuwa wa hadi dola milioni 580. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani, inaweza kufyatuka.

Sababu yake inaeleweka hata kwa asiyejua silaha. Dereva wa daladala au matatu akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini abiria anaendelea kwenda mbele. Kifyatulio cha P320 za mwanzo kilikuwa kizito. Bastola ikigonga sakafu kwa upande wa nyuma, mwili wake ulisimama, lakini kifyatulio kiliendelea kusafiri kwa uzito wake chenyewe, kana kwamba kimevutwa na kidole. Majaribio ya jeshi yaligundua hilo, na dawa yake ikawa vyuma vyepesi zaidi.

Agosti 2017 kampuni ikatangaza kwamba wenye bastola hizo wanaweza kuzituma zikafanyiwa maboresho bure. Neno la kutazama hapo ni "wanaweza". Ilikuwa hiari. Anayetaka atume, asiyetaka abaki nayo, na anayetaka kuiuza auze ilivyo. Kwa hiyo mnunuzi wa P320 iliyotengenezwa kabla ya tangazo hilo anapaswa kuuliza kama ilipelekwa, na anategemea ukweli wa muuzaji.

Malalamiko hayakuisha. Yaliyofuata yalikuwa ya aina nyingine: bastola kufyatuka ikiwa ndani ya ala, kile kifuko cha kiunoni, bila kuanguka. Uchunguzi wa gazeti la Washington Post na chombo cha habari cha The Trace mwaka 2023 ulihesabu zaidi ya watu 100 waliodai hivyo, na angalau 80 kati yao walijeruhiwa. Wengi ni polisi, watu wanaoshika silaha kila siku. Jiji la Milwaukee liliachana na bastola hiyo, na Chicago baadaye. Mwaka 2025 idara ya uhamiaji ya Marekani, ICE, nayo iliwakataza maofisa wake kuitumia.

Kampuni imeshikilia msimamo mmoja tangu mwanzo: P320 haiwezi kufyatuka bila kifyatulio kuvutwa. Inasema matukio hayo yanatokana na uzembe, au ala isiyofaa, au kitu kama ufunguo na kamba ya koti kuingia kwenye kifyatulio. Mahakama zimetoa majibu mawili. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama huko New Hampshire liliipa kampuni ushindi. Mwaka 2024 baraza la Georgia likaamuru ilipe dola milioni 2.35, na la Philadelphia dola milioni 11.

Maabara ya FBI nayo ilichunguza bastola moja ya polisi wa jimbo la Michigan iliyofyatuka ikiwa kwenye ala mwaka 2024. Ripoti yake ilisema upo uwezekano kwamba, katika mazingira fulani, kinga za ndani zikashindwa. Kampuni ikajibu kwamba majaribio yaliyofuata hayakulirudia tatizo hilo.

Mimi sioni sababu ya kumlazimisha msikilizaji achague upande. Wyoming imeonyesha kwamba mtu anaweza kuisingizia bastola. Milwaukee na kwingineko polisi wenye uzoefu wa miaka mingi wamejipiga risasi miguuni, na wanaapa hawakuigusa. Inawezekana kabisa kwamba baadhi wanasema kweli na wengine hawasemi. Kibaya ni kwamba baada ya tukio ushahidi huharibika upesi: bastola inaokotwa, inafunguliwa, inapakuliwa risasi, inasafishwa. Bila kumbukumbu ya hali yake kabla ya tukio, mabishano hayaishi. Kwa sababu hiyo naupa ukaguzi wa Jeshi la Anga uzito kuliko hukumu zote hizo. Hao walifungua na kupima kabla ya kubishana.

Gari huitwa, bastola haiitwi

Mtu wa kawaida angeuliza: kwa nini serikali ya Marekani haijaamua? Kama bastola ni mbovu, irudishwe kiwandani, na kama ni nzima, isemwe hivyo.

Jibu linawashangaza hata Wamarekani wengi. Hakuna ofisi ya serikali kuu yenye mamlaka hayo. Tume ya usalama wa bidhaa za walaji iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Inaweza kuamuru kurudishwa kwa kitanda cha mtoto, birika la umeme, hata bastola ya kuchezea. Bunge la nchi hiyo liliiwekea mpaka: silaha za moto na risasi zisiguswe, na mwaka 1976 likaukaza mpaka huo. Idara ya ATF, inayosimamia silaha, hutoa leseni za biashara na kufuatilia silaha zilizotumika katika uhalifu. Ubora wa springi si kazi yake. Majimbo machache, California likiwa mojawapo, hutaka bastola mpya zipite jaribio la kuangushwa kabla ya kuuzwa, lakini hayo ni ya jimbo husika.

Linganisha na magari. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani ilipoanza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa madereva, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliingilia kati, na mamilioni ya magari yakaitwa. Hata huku kwetu, ambako magari mengi yalianzia maisha Japani, baadhi ya wenye magari waliambiwa wayapeleke yakabadilishwe. Gari lina namba ya chasisi na lina daftari la mmiliki, hivyo hutafutika.

Bastola ya Marekani haitafutiki kwa urahisi huo. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kuweka daftari la wamiliki wa silaha. Kiwanda kinajua kiliuza kwa nani kwanza, na duka linajua liliuza kwa nani. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, mtu anaweza kumuuzia jirani yake na mnyororo ukakatika. Hata kampuni ingetaka kumwandikia kila mwenye P320, haina anwani zao.

Kilichobaki ni mahakama, na hapo pia milango imeanza kubanwa. Mwaka 2025 jimbo la New Hampshire, ambako SIG Sauer ina makao yake, lilipitisha sheria inayopunguza nafasi ya kuwashitaki watengenezaji wa bunduki kwa kutoweka aina fulani za kinga, ikiwamo swichi ya usalama ya nje. Bastola za jeshi za M17 na M18 zina swichi hiyo. P320 nyingi za kiraia na za polisi hazina.

Kutoka kiunoni mwa polisi hadi dukani

Idara ya polisi ya Marekani inapobadilisha bastola, mara nyingi haziyeyushi zile za zamani. Huzipeleka kwa muuzaji, naye huzipokea kama sehemu ya malipo ya silaha mpya, kisha huziuza kwa raia. Ni njia ya kuokoa fedha za walipa kodi, na kwa mnunuzi ni bei nafuu kwa jina kubwa. Wauzaji hupenda kusema zilibebwa sana, zilipigwa kidogo.

Maneno hayo ni kweli nusu. Bastola ya polisi inaweza kuwa imepigwa risasi chache tu kwa mwaka. Lakini askari huweza kuijaza risasi na kuipakua mara nyingi kwa mwaka. Kila mara vyuma vile vidogo husuguana. Inapanda na kushuka garini. Inanyeshewa na kupigwa na vumbi. Mdomo wa bomba unaweza kung'aa kama mpya wakati kidude cha ndani kimelika. Ukaguzi wa Jeshi la Anga ulikuta uchakavu sehemu hizohizo, ambazo mnunuzi hazioni akiigeuza bastola mezani.

Kuna madhara mengine ya biashara hii. Vyombo vya habari vya CBS, The Trace na Reveal viliripoti mwaka 2024 kwamba zaidi ya bunduki 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilipatikana katika matukio ya uhalifu tangu mwaka 2006. Hilo ni suala la mikono zinamofika. Lakini sehemu ya idara zilizoikataa P320 kwa kuihofia zilikuwa na mamia au maelfu ya bastola hizo, na swali la zitakwenda wapi halijajibiwa kila mahali. Silaha inayokataliwa na polisi kwa sababu za usalama, kisha ikauzwa kwa raia kwa bei ya punguzo, inahamisha hatari kwa mtu asiye na fundi wala ghala.

Na huku kwetu?

Hali yetu inatofautiana na yao, na katika jambo moja tumewazidi. Kenya na Tanzania, silaha halali ya raia ina leseni, na namba yake imeandikwa pamoja na jina la mwenyewe. Kenya kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kama ingegundulika kwamba aina fulani ya bastola ni hatari, wenye nazo kihalali wangeweza kutafutwa na kuitwa. Marekani haiwezi.

Lakini leseni humchunguza zaidi mtu: umri wake, akili yake, rekodi yake ya uhalifu, sababu ya kutaka silaha. Hali ya chuma chenyewe haipewi uzito huohuo. Silaha yetu huishi muda mrefu. Mzee anaweza kuwa na bunduki aliyoipata kijana, na mlinzi wa ghala akapokea zamu pamoja na bunduki ambayo hajui ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Tanzania si ajabu kumwona mlinzi wa kampuni binafsi mlangoni mwa benki akiwa na bunduki. Bunduki hiyo hupita mikono tofauti, nasi tunapanga foleni mbele yake.

Kwa mlinzi au mmiliki mwenye leseni, dalili za kutilia maanani zinajulikana. Kifyatulio ambacho jana kilikuwa kigumu na leo ni chepesi. Swichi ya usalama isiyokaa mahali pake, au isiyotoa mlio iliyouzoea. Silaha inayogoma mara mbili kwa risasi mpya na magazini nzima. Ala iliyolegea au iliyochanika karibu na kifyatulio. Hizo si kazi za fundi wa baiskeli wala za mtu mwenye tupa nyumbani. Silaha ipakuliwe, iwekwe pembeni na ipelekwe kwa fundi anayetambuliwa na polisi. Mlinzi aandike siku aliyoripoti na jina la aliyempokea, hata kama ni kwenye simu yake tu. Likitokea la kutokea, maandishi hayo ndiyo kumbukumbu ambayo wengi katika kesi za Marekani hawakuwa nayo.

Asiye na leseni na ameokota silaha shambani au kuikuta katika vitu vya marehemu, asiishike wala asijaribu kuona kama bado inafanya kazi. Chifu, mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kiarifiwe, waje wao.

Marekani, Oktoba 2025 jimbo la New Jersey liliishitaki SIG Sauer, likiiomba mahakama isimamishe uuzaji wa P320 jimboni humo na kuamuru bastola hizo zirudishwe. Ombi hilo likikubaliwa, itabidi mahakama itafute njia ya kuzipata bastola ambazo zimekwishauzwa mara ya pili na ya tatu.